Hifadhidata ya SharePoint imenenepa: uisafishe, uigawe, utoe faili nje, au uiache ikue?

Ninapoitwa kuangalia seva iliyoelemewa ya SharePoint, mfumo wa Microsoft wa kutunza nyaraka za ofisi, huanza na swali hili: mara ya mwisho mliporejesha hifadhidata ya maudhui, ile inayobeba nyaraka zenyewe, kutoka kwenye nakala rudufu, ilichukua muda gani? Mara nyingi hakuna aliyewahi kujaribu. GB wanazijua, kwa kuwa diski ikikaribia kujaa seva inapiga kelele. Saa hawazijui, na saa ndizo zitakazowaumiza siku mambo yakiharibika.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme seva yako inasoma nakala rudufu kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, ambayo ni karibu na upeo wa mtandao wa gigabiti moja. Hifadhidata ya GB 200 itarudi baada ya dakika 33 hivi. Ya TB 1 itahitaji saa 2 na dakika 47. Ya TB 4 itakula saa 11, yaani siku nzima ya kazi pamoja na jioni yake, na hapo hujaanza kukagua uzima wake kwa DBCC CHECKDB. Kama nakala zako ziko kwenye diski ya nje ya zamani inayotoa MB 30 kwa sekunde, hata ile ya TB 1 itachukua zaidi ya saa 9.

Kwa hiyo katika kulinganisha njia nne zilizopo, kipimo changu kikuu ni kimoja: ofisi itakaa muda gani bila nyaraka zake iwapo hifadhidata itaharibika? Bei, urahisi na kasi ya kila siku vinakuja baadaye.

Vikomo vyenyewe

Kwa matumizi ya kawaida Microsoft inapendekeza hifadhidata moja ya maudhui isizidi GB 200. Tangu SharePoint 2010 ilipopata Service Pack 1 mwaka 2011, inakubali pia hadi TB 4, ila kwa masharti. Diski ziweze kufanya angalau 0.25 ya tendo la kusoma au kuandika kwa sekunde kwa kila GB, na matendo 2 kwa kila GB ukitaka kazi iende vizuri. Uwe pia na mpango uliojaribiwa wa kurudi kazini baada ya maafa. Kwa ghala la nyaraka ambazo haziguswi tena, hakuna kikomo kilichotajwa.

Vipo vikomo vingine ambavyo watu huvisahau: vitu milioni 60 kwa hifadhidata moja, mikusanyiko ya tovuti 10,000 (mkusanyiko ni tovuti kuu pamoja na tovuti ndogo zilizo chini yake) ikiwamo isiyozidi 2,500 ambayo si tovuti binafsi za watumiaji, na hifadhidata 500 kwa mfumo mzima. Hicho cha mwisho kinatia moyo. Nafasi ya kugawa ipo tele, na bado nakuta ofisi yenye miaka minane ya nyaraka imezirundika zote katika hifadhidata moja iitwayo WSS_Content.

Mrundikano huo una sababu. Unapounda mkusanyiko mpya wa tovuti bila kusema uende wapi, SharePoint huupeleka kwenye hifadhidata yenye nafasi kubwa zaidi kwa *idadi* ya mikusanyiko. Uzito wa GB hauangalii. Hifadhidata yenye mikusanyiko mitatu mizito ajabu huonekana kwake kama nyumba tupu.

Kujua kinachonenepa: vyombo vitatu

Usichague dawa kabla ya kujua ugonjwa. Vyombo viko vitatu na havionyeshi kitu kimoja.

Ukurasa wa takwimu za hifadhi, unaopatikana ndani ya mipangilio ya kila mkusanyiko wa tovuti, ni mzuri kwa mwenye tovuti. Unashuka nao folda kwa folda hadi kwenye faili lenyewe, na unaona kwa asilimia nani amekula nafasi. Huhitaji kuwa fundi. Kasoro yake ni kwamba unaangalia mkusanyiko mmoja mmoja. Ukiwa nayo 300, hutafika popote.

PowerShell, dirisha la kuandika amri za seva, ndiyo ninayoanza nayo mimi. Get-SPContentDatabase inakupa jina la kila hifadhidata, ukubwa wake kwenye diski na idadi ya mikusanyiko iliyomo. Halafu Get-SPSite, ukiielekeza kwenye hifadhidata moja na kupanga majibu kwa nafasi iliyotumika, inakuonyesha mikusanyiko kumi mizito zaidi kwa dakika chache. Usisahau kuongeza -Limit All, la sivyo orodha inakatwa njiani nawe unaweza kudhani umeona yote. Weka skripti hiyo ijiendeshe kila Jumatatu na kuandika matokeo kwenye faili. Namba ya leo peke yake haina maana kubwa. Namba za majuma 12 zinakuambia hifadhidata inaongezeka GB 2 au GB 20 kwa mwezi, na hapo ndipo unapojua una muda kiasi gani.

Chombo cha tatu ni SQL Server yenyewe, programu inayoziendesha hifadhidata hizi. Ripoti ya matumizi ya diski kwa jedwali, au amri ya sp_spaceused, inaonyesha kitu ambacho vile viwili vya kwanza vinakificha: nafasi iliyo wazi ndani ya faili la hifadhidata, ukubwa wa logi ya miamala (faili linaloandika kila badiliko), na majedwali yasiyoonekana na mtumiaji. Nimewahi kukuta jedwali la AuditData, linalotunza kumbukumbu za nani alifungua nini, likiwa limeshika nafasi kubwa kuliko nyaraka za idara tatu, kwa sababu ukaguzi uliwashwa na hakuna aliyepanga kumbukumbu hizo zipunguzwe. Soma ripoti, lakini usiguse majedwali kwa mkono. Kubadilisha data ya SharePoint moja kwa moja ndani ya SQL kunakutoa kwenye msaada wa Microsoft, na unaweza kuvunja kitu kitakachoonekana miezi sita baadaye.

Kuhusu logi, neno moja. Kama hifadhidata iko kwenye hali ya *full recovery*, inayotunza kila badiliko hadi nakala ya logi ichukuliwe, na hamchukui nakala rudufu za logi, logi itakua bila kukoma, hata iwe kubwa kuliko data. Hapo usisafishe nyaraka za watu. Panga nakala za logi kila saa au kila dakika 30, na tatizo limekwisha.

Njia ya kwanza: kusafisha

Hii haina gharama ya vifaa, na ndiyo ya kuanzia karibu kila mahali. Uchafu mwingi uko katika sehemu tatu: matoleo ya zamani, mapipa ya taka, na tovuti zilizofutwa ambazo hazijaondoka.

Matoleo kwanza. Kwenye SharePoint 2010 na zilizotangulia, kila toleo lilihifadhiwa zima. Faili la Excel la MB 10 lililohaririwa mara 40 lilikuwa linakaa kwenye MB 400. Kuanzia SharePoint 2013 faili hukatwa vipande na vile vilivyobadilika tu ndivyo huhifadhiwa upya, kwa hiyo mzigo umepungua sana. Hata hivyo maktaba nyingi bado zina matoleo bila kikomo. Weka kikomo, tuseme matoleo makuu 20, lakini fahamu kwamba faili la zamani halitapunguzwa siku hiyo. Litapunguzwa pale mtu atakapolihariri tena. Yale ambayo hakuna atakayeyagusa, na ndiyo mengi, yanahitaji skripti.

Kisha mapipa. Kitu kilichofutwa hukaa pipani siku 30 kwa mpangilio wa kawaida. Mtumiaji akikifuta na kwenye pipa lake, kinahamia pipa la pili la msimamizi wa mkusanyiko. Kilichomo katika pipa la pili hakihesabiwi kwenye mgao wa nafasi wa tovuti, ila hifadhidata inaendelea kukibeba. Ndiyo maana unaweza kuona tovuti yenye GB 40 ndani ya hifadhidata yenye GB 70 na usielewe tofauti imetoka wapi.

La tatu lilitukuta katika ofisi moja niliyoihudumia. Tovuti ya mradi uliomalizika ilifutwa Ijumaa jioni ili kupata nafasi kabla ya kufunga mwezi. Jumatatu diski ilikuwa vilevile, na lawama zikaanza. Kumbe mkusanyiko wa tovuti uliofutwa nao una pipa lake, unasubiri humo siku 30, halafu kazi ya ratiba inauondoa kidogo kidogo. Remove-SPDeletedSite inaharakisha safari hiyo, lakini ukishaitumia hakuna kurudi nyuma isipokuwa kwa nakala rudufu. Na hata data ilipoondoka, faili la hifadhidata lilibaki na ukubwa uleule kwenye diski, kwa kuwa SQL Server hairudishi nafasi yenyewe. Inaiweka wazi kwa ajili ya data mpya.

Hapo ndipo mkono unawasha kubonyeza kitufe cha kusinyaza. Ujizuie. Kusinyaza faili kunavuruga mpangilio wa fahirisi na kupunguza kasi, na baada ya mwezi hifadhidata itakua tena kwa gharama ileile. Ushauri wa Microsoft ni kusinyaza pale tu maudhui yaliyoondolewa yanapofika nusu au zaidi, na mimi sijaona sababu ya kuupinga. Jambo la faraja ni kwamba nakala rudufu ya SQL haibebi kurasa tupu, kwa hiyo hata bila kusinyaza utapata nakala nyepesi.

Kwa kipimo changu cha saa, kusafisha kunasaidia mara moja lakini hakudumu. Ukifanya bila kuweka vikomo vya matoleo na mgao wa nafasi kwa kila mkusanyiko, utarudi palepale.

Njia ya pili: kugawa

Hii ndiyo ninayoiamini zaidi. Unaunda hifadhidata mpya kwa New-SPContentDatabase, kisha unahamisha mkusanyiko mzito kwa Move-SPSite. Anwani haibadiliki. Ruhusa, matoleo na historia vinakwenda pamoja na tovuti. Mtumiaji akiingia asubuhi haoni tofauti yoyote.

Masharti yapo. Hifadhidata zote mbili ziwe kwenye seva ileile ya SQL. Uwe na nafasi ya diski angalau mara tatu ya ukubwa wa mkusanyiko unaohamishwa, kwa sababu data inanakiliwa kwanza na logi zinavimba pande zote mbili. Wakati wa kuhama watu hawawezi kuandika humo, basi fanya usiku au mwisho wa juma. Baadaye unahitaji kuwasha upya IIS, huduma ya Windows inayoziweka tovuti hewani, na usishangae hifadhidata ya zamani isipopungua papo hapo. Nakala ya awali huondolewa taratibu na kazi ya ratiba ileile.

Nani ahamishwe? Usigawe kwa usawa wa GB tu. Gawa kwa namna ofisi inavyozihitaji nyaraka. Masijala yenye majalada yaliyoskaniwa, ambayo ni mazito na husomwa kwa nadra, iwe na hifadhidata yake. Tovuti ya fedha, ambayo ikilala saa mbili mishahara inachelewa, iwe peke yake katika hifadhidata ndogo inayorejeshwa kwanza. Siku ya maafa utashukuru kwamba unaweza kurudisha fedha kwa dakika 20 na kuiacha masijala ije jioni. Faida hii hakuna njia nyingine inayokupa.

Ukimaliza, funga mlango wa hifadhidata kubwa ili mikusanyiko mipya isiingie. Unaweza kuibadilisha hali yake kuwa *Offline* kwenye Central Administration, tovuti ya msimamizi wa SharePoint. Neno hilo linatisha watu, lakini tovuti zilizomo zinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Kinachozuiwa ni kuundwa kwa mikusanyiko mipya ndani yake. Na tovuti mpya inayotarajiwa kuwa nzito, iunde kwa kutaja hifadhidata yake tangu mwanzo.

Njia hii ina ukuta mmoja mgumu. Kinachohama ni mkusanyiko mzima wa tovuti. Ofisi iliyojenga kila idara kama tovuti ndogo chini ya tovuti kuu moja haina cha kugawa: mkusanyiko ni mmoja, na mkusanyiko mmoja hauwezi kukaa katika hifadhidata mbili. Export-SPWeb na Import-SPWeb zinaweza kuitoa tovuti ndogo na kuijenga upya kama mkusanyiko, lakini anwani itabadilika, mitiririko ya kazi iliyokuwa ikiendelea haitahama, wala arifa, wala kilichomo pipani. Linawezekana, nimelifanya, na linahitaji kukaa na kila idara mapema. Anayeanza leo nampa ushauri mmoja: kila idara mkusanyiko wake tangu siku ya kwanza.

Njia ya tatu: kutoa faili nje ya hifadhidata

Teknolojia ya RBS (Remote BLOB Storage) inaziacha taarifa za faili ndani ya SQL na kuliweka faili lenyewe nje, kwenye diski za bei nafuu. Kwa macho, hifadhidata inapungua sana. Wauzaji wa programu hizi wanaipenda picha hiyo.

Lakini faili zilizowekwa nje bado zinahesabiwa katika kikomo cha GB 200 au TB 4. RBS haikuruhusu kuvuka mpaka. Inakuruhusu kuhifadhi kwa bei ndogo zaidi. Faida yake pia inategemea ukubwa wa faili: zilizo chini ya KB 256 hukaa vyema ndani ya SQL, na zile za zaidi ya MB 1 ndizo zinazofaidika nje. Video, ramani na michoro ya majengo, sawa. Barua za kurasa mbili, hapana. Tena ule mtindo wa kukata faili vipande ulioanza na SharePoint 2013 umeila sehemu kubwa ya faida hii.

Ukipima kwa saa za kurejesha, RBS inazidisha mashaka. Ukitumia FILESTREAM ya SQL Server kwenye seva ileile, nakala rudufu inabeba kila kitu pamoja, kwa hiyo muda haukupungua. Ukitumia hifadhi ya mbali, una vitu viwili vya kurejesha, na lazima vilingane. Hifadhidata ya saa nne na ghala la faili la saa mbili zikikutana, utakuwa na orodha ya nyaraka zisizofunguka. Niichague lini? Pale ofisi ina TB kadhaa za faili kubwa zisizobadilika, ina fundi wa hifadhidata wa kudumu, na bei ya diski za kasi haivumiliki. Nje ya hapo naiacha.

Njia ya nne: kuiacha ikue

Si uvivu, mradi masharti yatimizwe. Kwa hifadhidata ya TB 1, kima cha chini ni matendo 256 ya diski kwa sekunde, na kinachopendekezwa ni 2,048. Diski moja ya kawaida ya mizunguko 7,200 hutoa kati ya 75 na 100. Kwa SSD jambo hili si gumu tena kama lilivyokuwa mwaka 2011, na ofisi yenye mkusanyiko mmoja mkubwa usiogawanyika huenda haina njia nyingine.

Ukiichagua, panga ukuaji wa faili kwa MB maalumu badala ya asilimia, na uikuze mapema usiku kuliko kuacha SQL iikuze vipande vidogo saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Weka seva ya pili kwa Always On, yaani nakala hai ya hifadhidata inayoshika kazi ya kwanza ikianguka, kwa sababu kusubiri kurejesha TB 3 hakukubaliki. Na usitegemee Backup-SPSite kwa mkusanyiko unaofika GB 100. Tumia nakala za SQL. Fahamu pia kwamba seva ya pili haikulindi na mtu aliyefuta maktaba kwa makosa: ufutaji nao unanakiliwa upande wa pili.

Wapo watakaouliza kuhusu kuhamia SharePoint Online. Huko hifadhidata huzioni kabisa. Unapewa TB 1 kwa taasisi na GB 10 kwa kila leseni, kwa hiyo ofisi ya watu 100 ina karibu TB 2. Kupandisha TB 1 kwa laini ya Mbps 50 iliyo tupu kunachukua saa 44, na laini zetu huwa tupu usiku tu. Uchafu wa matoleo na mapipa utahama nawe, basi usafishe kabla ya kufunga mizigo.

Ningechagua nini

Hifadhidata ikiwa chini ya GB 150 na inakua polepole: safisha, weka vikomo, pima kila juma. Ikikaribia GB 200 na ina mikusanyiko mingi: gawa sasa, kwa kuwa kuhamisha GB 60 ni kazi ya usiku mmoja na kuhamisha GB 400 ni kazi ya kuombea. Ikiwa ni mkusanyiko mmoja uliovuka GB 200: nunua SSD na seva ya pili kwanza, halafu anza mazungumzo na idara.

Kuna tarehe inayofanya uamuzi huu usisubiri. Msaada wa SharePoint 2013 ulikoma Aprili 2023, na wa 2016 na 2019 umewekewa mwisho wa tarehe 14 Julai 2026. Kuhamia toleo la Subscription Edition hufanyika kwa kuambatisha hifadhidata za 2016 au 2019 kwenye mfumo mpya, na kila moja husasishwa kwa wakati wake. Mwenye hifadhidata sita za GB 120 anaweza kuhamisha mbili Jumamosi hii, akazijaribu, akalala, na kuendelea juma lijalo. Mwenye moja ya GB 720 ana jaribio moja, usiku mmoja, na ofisi nzima ikimsubiri asubuhi.